Mikono ya Bi Ngurumo

Mdogo wangu, tumbo moja, titi moja,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana barua ni ndefu na wewe una tabia ya kusoma umesimama mlangoni kama mtu anayefukuza kuku. U hali gani? Goti linasemaje? Na miche yako ya bustani imeshika, au bado unaibembeleza? Mimi mzima wa kutosha. Meno yaliyobaki ni ya kuchekea tu, ya kutafunia tumekwisha kuagana nayo, lakini mdomo wenyewe bado uko kazini, na hilo najua hukulitilia shaka. Utaona herufi zangu zimezidi kuwa kubwa. Ni macho, si majivuno. Mtu aliyejifunza kusoma kwenye katuni za mumewe, bila kukanyaga darasa hata siku moja, huandika kama katuni: kila neno linapiga kelele.

Habari niliyo nayo ni ya mjukuu wetu, mchoraji. Usishike kifua, hajambo, anakula kama aliyetoka vitani. Ile filamu ya Bi Ngurumo, shujaa wa katuni za marehemu mume wangu, wameamua kuitengeneza kweli, filamu kubwa ya kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kumchora Bi Ngurumo mpya kuanzia unywele mpaka kiatu. Atakavyochora yeye ndivyo mwigizaji atakavyovishwa. Nilipoambiwa nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Nikamwambia naolewa mimi. Akaondoka amenuna, nadhani kwa wivu.

Sasa sikia penye mwiba. Mwisho wa filamu, wakubwa wa kampuni wanataka kile kitambaa anachoviringa mikononi kianguke, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Bi Ngurumo aonyeshe mikono yake. Mtoto amewachorea kila kitu na wamekipenda kila kitu, lakini mikono hana. Anachora, anachana. Wakubwa wamechoka, wakamletea dada mmoja wa matangazo ya losheni, vidole kama mishumaa ambayo haijawashwa, wakamwambia achore hivyo waendelee na kazi. Mjukuu wako akasimama mkutanoni mbele ya watu wazima na tai zao, akasema mikono ile haijawahi kuepua hata sufuria, sembuse kusimamisha treni. Damu yetu hiyo. Wakamwambia sawa, alete iliyo bora kabla mwezi haujaisha, la sivyo dada wa losheni amepita. Akaja kwangu akalia kidogo, akala sana, kisha akauliza kama babu yake aliwahi kusema mikono ya Bi Ngurumo ikoje. Nikanyamaza. Wewe unanijua, mimi nikinyamaza kuna jambo. Ndilo ninalokuandikia, lakini siwezi kulifikia moja kwa moja, lazima nipitie njia ndefu. Vumilia, hata kama mengine unayajua. Mzee akisimulia hakatizwi.

Unakumbuka marehemu shemeji yako alivyokuwa mchora mabango, siku nzima juu ya ngazi, suruali ina rangi kuliko ukuta. Gazeti la Jumamosi likamwomba shujaa wa kujaza ukurasa wa nyuma. Mhariri alitaka mwanamume mwenye kifua na masharubu. Shemeji yako akampelekea mwanamke mwenye joho, amesimamisha kwa bega lori lililokatika breki, na mikono yote miwili ameiviringa kitambaa mpaka kwenye viwiko. Mhariri akauliza mwanamume yuko wapi. Akajibiwa kwamba yupo, ila bado anatafuta viatu. Mhariri akacheka, na mtu akishacheka amekwisha kubali. Akauliza pia mikono ina nini, na mume wangu akainamisha kichwa kama mwizi wa sukari, akasema mikono ndiyo inayomshinda kuchora, kitambaa ni rahisi zaidi.

Hapo ndipo ulipompatia! Ulimuuliza mbele ya wageni kama aliyemfundisha kuchora alikuwa hana mikono au alikuwa bahili wa kuionyesha. Ukasema anachora paka mpaka masharubu, anachora moshi wenye hasira, vidole kumi tu vinamtoa jasho. Ukamletea glovu uliyoijaza pamba ukaishona mdomo, ukamwambia ajifunzie hiyo kwanza, akifaulu utamletea ya kushoto. Aliiweka mezani kwake miaka yote. Kila ukija ulikuwa unaitikisa kama unasalimiana nayo na kuiuliza mwanafunzi wake anaendeleaje.

Kisha gazeti likafa na Bi Ngurumo akapata kitabu chake mwenyewe, cha rangi. Ulikuwa wakati wa suruali za bugaluu na viatu virefu vya raizoni, basi naye akavaa bugaluu na raizoni, nywele kama mwamvuli uliofunguliwa ndani ya nyumba. Joho likawa jekundu. Wasomaji wakaandika kuuliza maana ya wekundu ule, na shemeji yako akawajibu kwa heshima kwamba ni rangi ya ujasiri. Ujasiri gani! Mwenye kiwanda cha chapa alikuwa na mapipa ya wino mwekundu aliyoachiwa na muuza sabuni aliyehama mji.

Wakaja watu wa redio. Bi Ngurumo wa redio alikuwa yule mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, na kwa kuwa mikono imefungwa, milango yote aliifungua kwa bega. Fundi wa sauti akawa anajirusha kwenye kabati la studio kila wiki ili tusikie kishindo, mpaka akaomba apewe likizo au apewe mto. Baadaye televisheni, na vitambaa vya mikono nilivishona mimi kwa cherehani yangu hii hii. Mwigizaji yule maskini pua ilikuwa inamwasha kila taa zikiwashwa, na mikono iko kifungoni, ikabidi aajiriwe mtu wa kumkuna. Huko ndiko walikobuni kwamba ndani ya kitambaa kuna radi, akiifungua ovyo mji unateketea. Shemeji yako alipenda. Alisema laiti angelifikiria mwenyewe.

Watoto je, unawakumbuka? Taulo, soksi, mapazia ya mama zao, kila kitu kikaviringwa mikononi. Mtaa mzima ukawa kama wodi iliyoachwa milango wazi. Hata wasichana wakubwa wa ofisini wakavaa vitambaa vya hariri mikononi na kujiona. Na wewe ukipita na vitambaa vyako ulivyovaa tangu ajali, watoto wanakupigia saluti na kukuita Bi Ngurumo, unaenda sokoni umeinua kidevu. Uliniambia kwamba fasheni imekukimbiza miaka yote na hatimaye imekushika.

Ya baadaye sina mengi ya kusema. Katuni ya watoto wadogo ilimfanya Bi Ngurumo kimo cha chupa, macho kama sahani, na paka anayezungumza. Shemeji yako aliangalia mpaka mwisho, kisha akauliza kama paka naye analipwa. Hakununa. Alisema mtoto akishatoka nyumbani hurudi amevaa nguo za watu, kazi ya mzazi ni kumtambua kwa mwendo. Alipokwisha kututoka wakamtia kwenye mchezo wa simu, anakimbia tu, sijui anakimbilia wapi. Akaja pia profesa mmoja, kijana mpole, akaniambia mikono ile iliyofungwa ni kazi ya wanawake isiyoonekana na watu. Nilimwongeza chai. Hakuwa amepatia, lakini hakuwa mbali.

Sasa mdogo wangu, kama ulikuwa umesimama, kaa.

Shemeji yako alijua kuchora mikono.

Alijua kuliko alivyojua kitu kingine chochote. Lile bango la fundi saa, mkono umeshika saa kwa ncha za vidole, kucha na mishipa yote ipo, ulilolisifu kila ulipopita ukasema mchoraji wake angekuja amfundishe shemeji yako, ni lake. Alimwomba fundi saa asiseme. Mikono yangu alinichorea ikitia uzi kwenye sindano, pembeni mwa magazeti, kwenye karatasi za kufungia nyama, na mimi nikawashia jiko michoro ile ili usiione.

Sikiliza kwa nini. Jiko la mafuta lilipolipuka, mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu ng'ambo ya barabara, yeye juu ya ngazi yake, na binti yangu mchanga amelala ndani. Hukukimbia kuita mtu. Uliingia. Ile meza iliyokuwa inawaka mbele ya kitanda uliisukuma kwa mikono mitupu, ukatoka na mwanangu hana hata lengelenge. Huyo ndiye mama wa mchoraji wetu. Bandeji zilipotoka ukajifunga vitambaa, ukakaa ndani ukakataa kutoka, na chakula ukakigusa kama dawa. Siku moja nilikuburuta sokoni kwa nguvu, nawe unajua nguvu zangu. Watu wakatazama. Mwenye mizani akakuwekea chenji juu ya gunia, asikuguse. Uliporudi ukageukia ukuta.

Mume wangu aliyaona hayo yote, maana alikuwa amebeba kikapu nyuma yetu. Jioni hiyo, akiwa kwenye kiti chake, aliniambia kwamba huyu hatuwezi kumvua kitambaa kwa maneno, basi tuwavishe watu wote. Nilimwambia amepata homa. Wiki hiyo hiyo akamchora Bi Ngurumo. Lori ni uongo, joho ni uongo, mwendo ule wa kuingia mahali ambapo kila mtu anatoka ni wako.

Akanikataza kukuambia. Alisema ukijua utaona ni huruma, na huruma utaitema. Halafu wewe ukamcheka mikono, na kile ndicho kicheko chako cha kwanza tangu moto, na usiku ule ukaomba chakula mara ya pili. Tangu hapo nani angemtoa kwenye ujinga wake? Alisema bora aitwe mchoraji asiyejua mikono maisha yake yote, mradi nyumba ina kicheko hicho. Ukitoka, alikuwa ananitazama na kufurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nimejiuliza mara nyingi kama ulishuku. Kama ulishuku, basi umetuzidi sisi wote kwa kuficha, na nitakuheshimu zaidi, jambo ambalo sikulitarajia katika umri huu.

Yeye amekwenda, sisi tumebaki na siri yake, na mimi sitaki kwenda nayo. Mjukuu wetu hajui lolote. Anajua palikuwa na moto, anajua bibi yake mdogo huvaa glovu za bustani hata mezani, hajaunganisha. Sikumwambia, kwa sababu mikono ni yako, na wewe ndiwe wa kwanza kuulizwa. Nakuuliza: utamruhusu aichore?

Usiniambie imekunjamana, usiniambie inatisha. Mimi niliiosha nilipokuwa nakufunga bandeji, naijua kila mstari. Ndiyo iliyonirudishia mwanangu, akakua, akazaa, na aliyezaliwa sasa anatafuta mikono dunia nzima wakati ipo kwenye udongo wa bustani yako. Na usidhani ni huruma. Ningekuwa na huruma ningekuletea blanketi, nisingekusumbua na sinema. Watoto wa mji watakaa gizani waone kitambaa kinaanguka. Nataka waone kweli. Nataka yule mwenye mizani, kama bado anapumua, akate tiketi apange foleni.

Basi nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, peke yangu. Ukisema hapana, tutakunywa chai, tutawasengenya walio hai kwa zamu, na neno hili sitalitaja tena mpaka nizikwe, ingawa nitanuna na utaniona ninanuna. Ukisema ndiyo, nitampigia mtoto simu nikiwa hapo hapo barazani, aje na penseli zake. Jibu lako usiniandikie, barua zako huwa fupi na za kihuni. Ukisikia nabisha, wala usiseme kitu. Nifungulie kwa mkono mtupu, nitaelewa.

Nisalimie miche yote, na yule jirani yako mwenye redio mbovu mwambie nimemsamehe. Binti yangu anakusalimu, mchoraji anakusalimu bila kujua ninachomwombea kwako. Lishe goti mafuta, ulale mapema.

Ni mimi dada yako, niliyekutangulia kuzaliwa ili nikupokee,

Fundi Cherehani