Kipande cha Tano Kiko Mbale

Jumapili, 13 Januari 1980

Wamenichosha! Watu wanne, kitabu kimoja, na kila mtu anagombana na kitabu chake. Mwalimu Isabirye kasoma kipande cha kwanza na cha nne, cha katikati hajakiona, lakini ndiye anayetueleza maana ya hadithi nzima. Milly wa hospitali kasoma cha pili tu, mara mbili, kwa sababu humo ndimo mke na mume wanamopendana. Nikateleza nikasema mume anakufa kwenye cha tatu — akanifokea, eti nimemharibia. Sasa anasema kitabu bora duniani ni kile chake cha kufuga kuku, angalau hakidanganyi mtu.

Nakala ni moja, ndiyo shida. Mwaka juzi Kadija alikikata kwa wembe vipande vitano, akashona kila kimoja kwa uzi mweusi, ili tusome kwa zamu. Fundi wa nguo, kazi safi. Vita vilipofika hapa Jinja mwezi wa nne mwaka jana, kipande cha tano kilikuwa zamu yake. Akakimbia nacho Mbale.

Leo wote: mwisho, mwisho, tunataka mwisho! Je, mjane alirudishiwa shamba lake? Hakuna aliyetaja jina la Kadija. Hata mimi.

Jumatano, 16 Januari

Hakuna sukari. Hakuna sabuni. Kichwa kinaniuma.

Naandika Kiswahili humu kwa kuwa ndicho nilichokulia Kisumu. Kwenye kikundi chetu cha kusoma hakitakiwi tena. Isabirye anasema ni lugha ya bunduki, ya askari wa serikali iliyopinduliwa. Nikamwambia waliotukomboa nao walikuja wakisema Kiswahili. Akageukia dirishani.

Na ajabu, anayesoma vizuri kutushinda sote ni Gaster, afande wa magereza, aliyehamia hapa mwezi wa saba. Anasoma polepole, kidole juu ya mstari. Hajifanyi.

Jumapili, 20 Januari

Tumekutana kwa Gaster, Nalufenya. Ndiyo, nyumba hiyo. Nyumba ya Kadija! Alijengewa na baba yake, fundi wa reli ambaye hakushika bunduki hata siku moja. Lakini mwaka jana watu walisema Mnubi ni Mnubi, wote ni wa serikali ile. Gaster kapewa na wakubwa wake, akaambiwa mwenyewe hayupo. Sidhani hata jina analijua. Sisi tunalijua. Tulikaa pale tukanywa chai yake ya rangi.

Tukafika kwa mjane: alikimbia njaa, akarudi, akakuta shemeji yake analima shamba lake. Isabirye akasema shamba ni la anayelilima. Gaster akawaka! Akasimama, Kiingereza chote kikampotea. "Mama huyu alikimbia, hakuuza! Mutu akikimbia, kitu yake inabaki yake!" Machozi yalimlengalenga. Milly akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia kikombe.

Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya.

Wamenituma Mbale nikalete kipande.

Jumamosi, 26 Januari

Mbale. Lori la mbao mpaka Tororo, kisha basi bovu. Vizuizi vinne, kila kimoja tushuke, tupekuliwe, tupande. Huko Namatala nikauliza fundi cherehani, Mnubi. Watu walinipima kutoka viatu mpaka uso kabla ya kujibu.

Anakaa chumba kimoja na mama yake, anashona sare za shule kwa cherehani ya kuazima. Amekonda. Tulilia. Halafu, hata maji sijanywa, akauliza: "Milly alipojua mume amekufa, alisemaje?" Tukazungumza kitabu saa nzima! Nikamweleza juu ya afande mpya aliyemlilia mjane, akampenda papo hapo. Mwisho anaujua yeye peke yake na hasemi, roho mbaya. Ila alisema yeye shemeji wa mjane hamchukii sana. Anaowachukia ni majirani. Walijua shamba ni la nani, wakaenda kumsaidia kuvuna.

Akauliza: "Na nyumba yangu je? Nani yumo?"

Nikasema imefungwa.

Mdomo huu! Kwa nini? Alinishika mikono yote miwili kwa furaha. Kipande hakunipa. Eti yeye ni mwanakikundi, atakileta mwenyewe.

Jumatatu, 4 Februari

Nilikwenda kumwambia Gaster nyumba ni ya nani. Nikamkuta anapaka chokaa ukuta wa mbele. Akauliza: inapendeza? Nikasema inapendeza. Nikarudi.

Isabirye: mambo hayo yana ofisi zake, tusubiri. Milly: usiniingize. Wasomaji hao!

Jumapili, 10 Februari

Amekuja! Saa nne asubuhi, yuko mlangoni kwangu. Mama yake kamwacha Mbale. Kipande cha tano kakifunga kwenye kanga, na mkono wa pili ana ufagio mpya na nusu mche wa sabuni — kautoa wapi, Mungu anajua. Anasema baada ya mkutano atapita nyumbani kwake afagie. Vumbi la miezi kumi si mchezo.

Nimempa ndizi na maharage. Nimemweleza habari za kuku wa Milly, waliokufa wote kwa kufuata kitabu. Amecheka mpaka akashika ubavu. Nimemweleza kila kitu isipokuwa kimoja. Mara tatu nimefungua mdomo, mara tatu nimemwongezea maharage.

Kaswali adhuhuri, akakunja msala, akajifunga kilemba upya. Anaona haya kidogo, anataka kuonekana vizuri.

"Dada, leo tunasomea kwa nani?"

"Kwa yule afande."

"Haya. Anakaa upande gani?"

Nikasema ngoja nivae viatu. Nimeingia chumbani, naandika hapa juu ya kitanda. Anaita, saa nane inakaribia, wenzetu watakuwa wameshafika. Viatu nimevaa tangu asubuhi.