Kuku wa Kuchemsha Melini

Mama Ambakisye, mke wangu mkorofi,

Huku Saint Paul, Marekani, sijambo, ila wa kunigombeza sina. Jumamosi mwanao alinipandisha meli ya mvuke, ile yenye gurudumu la kupiga maji, hapo mto Misisipi. Nami, kama tunavyosafiri ziwani kutoka bandari ya Itungi, nikabeba blanketi na kuku wa kuchemsha. Abiria walicheka! Kumbe tangu enzi za babu zao watu hupanda meli hizi kutembea tu, jioni wanarudishwa palepale.

Tukila, Ambakisye akasema, “Baba, usirudi tena Kyela. Kaa na mimi.”

“Mwanangu, hata meli hii inarudisha watu ilikowachukua.”

Akatafuna paja. Jana kanikatia tiketi ya kurudi.

Chemsha kuku mwingine. Yule wa melini, nahodha alikuja kuonja, akammaliza.

Kijana wako mwenye mvi,
Mwaisumo