Kicheko cha Upande Mmoja

Dada yangu wa mbali,

Nepi na soksi zimefika. Soksi mpwa wako anazipiga teke zote. Cherehani nimeirudia, ila pini siwezi tena kuzibana midomoni. Zinadondokea kwenye nguo za watu.

Sikukwambia. Siku ya tatu baada ya kujifungua niliamka upande wa kushoto wa uso umelala. Chai inachuruzika kidevuni, jicho halifumbi, linatoa machozi lenyewe. Nikicheka naulizwa nimeudhiwa na nani. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu, utaamka baada ya wiki chache. Hii ni ya saba. Shemeji yako anasema sijabadilika, huku anamtazama mtoto.

Ndiyo maana kwenye picha zote nimekugeuzia shavu la kulia. Mama asijue.

Jana mtoto alinikazia macho, akacheka kwa mara ya kwanza. Upande mmoja tu, Dada! Nikamwita baba yake mbio. Kwa baba yake akacheka mdomo mzima.

Kumbe ananiiga. Nifurahi au nilie, sijui; jicho la kushoto limeshaanza bila kuniuliza.

Mdogo wako,
fundi asiye na pini