Kura Yangu na Kelele za Mashine ya Kusaga

Jumamosi, Rodi Kopany. Jua limewaka tangu asubuhi na miguu imevimba kwa kusimama, lakini nina furaha ya kijinga na sitaki kulala kabla sijaiandika.

Leo soko limechagua mwenyekiti wa maji, yule anayekaa na ufunguo wa chumba cha pampu. Kwa miaka mingi amekuwa Ouma, kaka mkubwa wa mume wangu. Ouma si mtu mbaya. Ila akifungulia maji, vibanda vya juu karibu na lami hujaza kwanza, na sisi wa chini tunabaki na mitungi mikavu. Nasema sisi kwa sababu hoteli yangu iko chini. Nimeolewa kwa akina Ouma, lakini napikia upande wa Mama Awino, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, anayekitaka kiti hicho.

Kura zetu zilikuwa za mlolongo. Unasimama nyuma ya mtu wako huku soko zima likikutazama, mama mkwe akiwemo.

Ni mke gani atauacha mstari wa shemeji yake mchana kweupe?

Safari hii akina mama walikataa kupanga foleni. Wakadai kura ya siri: kila mtu apewe punje moja ya maharagwe, aingie nyuma ya pazia kanisani, aitumbukize kwenye chombo cha anayemtaka. Ouma akakubali bila kinyongo, na hapo nilimvulia kofia.

Shida ikawa vyombo. Cha Ouma kilikuwa debe la bati, cha Mama Awino ndoo ya plastiki, na cha Kevo wa bodaboda, mgombea wa tatu, kikapu. Nyanya mmoja akaingia wa kwanza. Nje tukanyamaza. Tukasikia bati likilia, ngo!

Watu walicheka hadi mhubiri akakaa chini. Siri gani hiyo inayosikika mpaka barabarani? Basi mwenye mashine ya kusaga iliyo jirani akaenda akaiwasha bila hata punje ya mahindi, kwa mafuta yake mwenyewe, ikanguruma hadi mtu wa mwisho alipotoka. Nyanya akarudishiwa maharagwe yake, akapiga kura upya. Sijawahi kupenda kelele kiasi hicho.

Tulipohesabu, hakuna aliyefika nusu. Kevo alikula kura za vijana, wale wawili wakakaribiana. Wengine wakaanza kupiga kelele turudie, na mimi nikaogopa, maana nilijua ugomvi ungefika hadi kwetu nyumbani.

Mama Awino akasimama. "Sasa Ouma, turudie mpaka tuchukiane, ama tushike hii maji pamoja?"

Ouma akajibu, "Tushike. Lakini kila mtu na kufuli yake."

Kwa hiyo mlango wa pampu sasa una kufuli mbili na haufunguki mpaka wote wawili wawepo. Kevo atasimamia zamu.

Sisi Wakenya tukisikia serikali ya nusu mkate, yaani ya mseto, tunakunja uso, kwa sababu tumezoea kuona wakubwa wakigawana viti. Leo nimeupenda mseto. Mtu anayehitaji ufunguo wako kila asubuhi itambidi akusalimu kila asubuhi. Najua iko siku mmoja atachelewa na tutazitukana kufuli zote mbili. Hata hivyo, maji ya leo yalianzia chini, na Ouma mwenyewe ndiye aliyeshika mpira wa maji.

Jioni alipita hotelini akaagiza chai.

"Nyar Asumbi," akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, kama wanavyoniita wote hapa, "maharagwe yako sijui uliweka wapi. Na sitauliza."

Nikamwongezea chai.

Mume wangu yeye ameuliza. Mama mkwe naye amezungukazunguka akiuliza bila kuuliza. Tangu niolewe, hili ndilo jambo langu la kwanza ambalo boma zima halilijui.

Hata wewe unayesoma hapa, sikuambii.