Usiitikie Hodi

Sanga mwanangu,

Muhogo uko sufuriani, umefunikwa. Kuku wasitoke leo.

Ninakwenda kituo cha polisi kumpelekea dadako Kahaso dawa yake ya pumu. Wamemchukua asubuhi hii, ulipokuwa kisimani, kwa kuwa alisoma redioni matokeo ya kura yaliyobandikwa pale shuleni, na si yale yaliyotangazwa. Eti uchochezi!

Hawakuvunja mlango. Walipiga hodi kwa adabu, na mdomo wangu huu ukaitikia, "Karibuni." Kahaso akanitazama tu.

~~Shangazi yako wa Ramisi akija, mfungulie.~~ Usimfungulie mtu. Tia komeo, na ukisikia hodi, nyamaza. Mimi nikirudi nitakuita kwa jina.

Nilikufunza mwenyewe kwamba mgeni haachwi mlangoni. Leo mwache.

Mamako