Batizo ya tatu ya remorqueur

Butembo, siku ya posho, magaribi

Et encore batizo! Asubui basoda balituita salongo, ile kazi ya lazima ya muji, mais hapana ya kufagia barabara. Tulienda kupigia makofi remorqueur, ile boti ya kuvuta boti zingine. Ilitoka Uganda juu ya camion, ikienda ku ziwa. Camion ikakufia hapa ku milima, boti ikabakia juu ya matofali mbele ya bureau yabo.

Kila mouvement ya bunduki yenye inakamata muji inaipaka rangi mupya, inaipatia jina ya chef wabo, inaita padiri. Leo commandant mupya, mutu wa mbali, akasema: "Mon père, batiza."

Padiri akamuangalia. "Commandant, batizo ni mara moja tu. Hii ilishabatizwa mara mbili. Ikuje kwanza kuungama."

Tuliuma midomo, juu kucheka ni fimbo. Basoda bakasogea na bunduki, njo padiri akaimwangia maji kidogo. Ile boti inajua maji ya namna mbili tu: ya mvua na ya baraka.

Bwana yangu Kambale alisimama pale juu na gilet ya kuelea. Balimukamata ku barrière yabo ya barabara, bakamufanya marin wa ile boti. Hajue kuogelea hata kidogo. Ile gilet analalaka nayo, juu ya baridi.

Sasa commandant anasema camion ingine ya kubeba boti iko njiani, bataenda kupigana ku ziwa.

Tangu mwaka jana niko nacheka ile boti. Sasa hivi nimetoka kupiga magoti: Mungu wangu, ile camion nayo ikufe.