Lundo la Changarawe Kwenye Njia ya Baiskeli

KITUO CHA POLISI CHA DARAJA MAWE, NAIROBI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nthoki Kilonzo, anaitwa pia Mama Koki
Umri: Miaka 22
Kazi: Kuuza mboga
Elimu: Darasa la tano
Makao: Dandora
Tarehe: 16 Machi 1982, saa tatu na nusu asubuhi

Kabla sijaanza, naomba iandikwe kwamba alama ya kidole iliyo juu ya karatasi hii si yangu. Ni ya mtoto wangu Koki, wa mwaka mmoja na miezi saba. Amechovya kidole kwenye wino wa afande sasa hivi, akakibandika hapo, kisha akajipaka puani. Afande amesema si neno, tuendelee.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa sababu ya Gachanja, fundi wa baiskeli wa pale kwetu, ambaye amefungiwa hapa tangu jana. Nimesikia kesho anapelekwa kortini ati aliiba changarawe ya Bwana Thuo usiku wa Ijumaa. Changarawe hiyo haikuchukuliwa usiku. Ilichukuliwa Jumamosi mchana kweupe, na aliyesema ichukuliwe ni mimi.

Nyuma ya nyumba zetu kuna njia inayofuata mto, kutoka Dandora hadi karibu na Kariobangi. Ilitengenezwa wakati wa kuzika mabomba ya maji taka. Walipomaliza waliacha mabomba makubwa ya saruji, mawili kila mwisho wa njia, hivyo gari haliwezi kuingia. Baiskeli inapita katikati. Wanaume wengi wa mtaa wetu wanaenda kazini kwa njia hiyo.

Bwanangu Kilonzo ni mchonga vinyago. Zamani alikuwa akipita barabara kubwa. Mwezi wa tano mwaka juzi lori lilimsukuma mtaroni pamoja na baiskeli na gunia la twiga aliokuwa amechonga. Alilala miezi miwili, na Koki alizaliwa baba yake akiwa bado na magongo. Tangu apone anapita njia ya mto tu. Asubuhi akitoka sikai tena nikisikiliza honi. Hata mimi nimejifunzia baiskeli huko, kwa sababu mtu akianguka pale anaanguka tu, hakuna cha kumkanyaga.

Lakini mvua ikinyesha njia inaoza. Kwa hiyo sisi wanawake tuna mwethya. Mwethya ni kikundi cha kazi cha Wakamba, mnasaidiana bila malipo, leo kwangu kesho kwako. Mwenyekiti wetu ni Mama Mbithe. Jumamosi moja kila mwezi tunabeba changarawe kwa karai kutoka kando ya mto na kujaza mashimo.

Mnamo tarehe 12 Machi, siku ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni, nilikuwa nikitoka kuuza mboga. Pale njia inapoanzia, kando ya yale mabomba ya saruji, niliona lundo kubwa la changarawe safi. Halikuwa na kibao wala mlinzi. Nilifurahi sana.

Afande ameniuliza kwa nini nilifurahi. Kwetu Machakos, chifu akitaka njia itengenezwe anamwaga changarawe kando yake na kwenda zake. Hasemi neno. Mwethya wakiliona lundo wanajua hiyo ni kazi yao. Hakuna anayeuliza ni la nani, ukiuliza utachekwa. Mimi nililiona lile lundo kwa macho ya nyumbani. Nilidhani mtu wa serikali ametukumbuka kabla ya mvua. Nilikwenda kwa Mama Mbithe nikamwambia, "Wametumwagia." Akasema, "Mungu si Athumani. Kesho saa mbili."

Mnamo tarehe 13 Machi, saa mbili asubuhi, tulikuwa wanawake kumi na watano. Fundi Gachanja anatengeneza baiskeli hapo karibu, chini ya mabati, na ana wilibaro. Nilikwenda kumwomba. Alitazama lile lundo akaniuliza, "Mama Koki, hii ni ya nani?"

Nikasema, "Ni ya njia, Fundi. Imemwagwa."

Akasema, "Kwetu lundo huwa na mwenyewe."

Nikamwambia, "Fundi, wewe unaogopa hata mawe? Au unaogopa njia ikiwa nzuri utakosa baiskeli za kutengeneza?"

Wanawake wakacheka. Mama Mbithe akamwambia, "Mwachie mama wilibaro, wewe endelea kuchungulia spoki zako." Hata Fundi mwenyewe alicheka. Alitupa wilibaro, kisha akaja mwenyewe kuisukuma, kwa sababu tulikuwa tunaipeleka upande upande. Alisukuma mara sita au saba. Hakuchukua hata kijiko cha changarawe kupeleka kwake.

Tulifanya kazi hadi saa tano na nusu. Tulikuwa tunaimba, na watu wa upande wa pili wa mto walikuwa wanatuitikia. Sijawahi kusikia mwizi akiimba. Tulijaza mashimo yote hadi pale mto unapokata kona. Huyo mlinzi wa Bwana Thuo anayesema iliibwa usiku, mimi sikumwona siku hiyo. Simsemi vibaya, pengine alikuwa na shida zake, lakini asubuhi ile hakuwako.

Jana tarehe 15, saa moja asubuhi, Bwana Thuo alikuja na askari wawili. Ndipo tukajua changarawe ilikuwa yake, ya kujengea nyumba, na lori lilikuwa limeimwaga hapo kwa sababu halikuweza kuendelea. Walifuata alama ya wilibaro. Gurudumu lake limefungwa kipande cha tairi la baiskeli, alama yake inajulikana. Ikawafikisha kwa Fundi.

Askari walimuuliza nani alimsaidia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mtoto mgongoni, mbali kama kutoka hapa hadi ule mlango. Fundi aliniona. Akasema, "Wilibaro ni yangu." Hakusema lingine. Nami sikusema. Nilishikwa na woga kwa sababu ya mtoto. Mke wake Wacera alinitazama tu, na jioni alikuja kununua sukuma kwangu kama kawaida. Usiku sikulala vizuri.

Bwana Thuo ana haki ya kukasirika, ni jasho lake. Changarawe haijaenda mbali. Iko njiani, anaweza kuja kuiona, na kama anataka irudishwe tutaichimbua kwa makarai yaleyale. Lakini ningeomba aende kwanza asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, asimame pale kwenye kona atazame wale watu wanavyopita kwa baiskeli bila kugeuka nyuma. Huenda akapunguza hasira. Mimi naamini atapunguza.

Fundi hana kosa ila kuniamini. Haya nimeyasema kwa kinywa changu, hakuna aliyenituma, na kama lazima mtu abaki hapa ndani nitabaki mimi, ila mtoto apelekwe kwa Mama Mbithe, na aambiwe uji wake usiwe wa moto, na akisinzia ashikwe mkono wa kushoto mpaka

(Hapa shahidi ameitwa na Inspekta kutoka kaunta: "Mama Koki, njoo nje, kuna watu wako." Amerudi saa tano na dakika kumi. Amesomewa maelezo haya kwa Kiswahili, amesema ndivyo yalivyo na hana la kuongeza.)

Sahihi ya shahidi: Nthoki K.

MAANDISHI YA AFISA: Mimi, Konstebo Abukar, nimeyaandika haya jinsi yalivyosemwa. Uani kuna wanawake kumi na wanne wenye makarai, wakiongozwa na Bi. Mbithe. Kila mmoja anasema naye alibeba na anataka aandikwe jina. Inspekta ameagiza kwamba Gachanja asipelekwe kortini kesho mpaka wote wasikilizwe. Bw. Thuo ametumiwa habari aje. Fomu za maelezo zilizobaki ni tisa. Nimeomba nyingine.